Kitanda cha Bhoke Ndani ya Mashua

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kukabidhi karakana niliifanya ndani ya mashua. Mashua yenyewe ilikuwa imeegemezwa kwenye magogo katikati ya migomba yangu hapa Nyamwaga, ambako maji mengi kuliko yote ni yale yanayojaa kwenye makorongo wakati wa masika. Ninyi mnaoanza useremala mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa kifupi kwa sababu huwa mna haraka. Leo nitawaeleza yote, na humo katikati nitachomeka mambo ya kazi yatakayowafaa hata kama hamtakanyaga mashua maisha yenu yote.

Ilikuwa mali ya shemeji yangu Masatu. Masatu ni Mkerewe. Alikuja huku akiwa kijana, akifuata dhahabu kama wengine wengi, akaishia kuendesha malori machimboni, akamwoa mdogo wangu Bhoke. Alipostaafu, hamu ya kwao ilimshika. Akanunua mashua ndogo ya tanga iliyokuwa imetelekezwa Musoma. Mmiliki wa kwanza alikuwa Mzungu aliyechunguza samaki; aliondoka, ikabaki inaoza. Mbele ina chumba kidogo; mlangoni unaingia umeinama, ndani unasimama. Masatu alitaka kusafiri nayo hadi Ukerewe yeye na mkewe, polepole, kutoka mwalo mmoja wa wavuvi hadi mwingine, wakilala humo humo, na wakifika waitumie kutembelea ndugu visiwani.

Shida ilikuwa mkewe. Bhoke amezaliwa na kukulia kwenye ng'ombe na mahindi. Maji aliyoyazoea ni ya ndoo.

"Nitapanda siku moja ya kujaribu," alituambia mimi na mumewe, tumekaa jikoni kwake tunakunywa uji. "Nikiona panakalika, naenda na wewe, Baba Neema. Nikiona hapakaliki, wewe nenda kwenu, mimi nabaki kwetu. Simu zipo."

Masatu alicheka. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka. Tulipotoka nje aliniuliza, "Shemeji, anatania?"

Nikamwambia huyo namjua tangu akiwa mgongoni kwa mama, na kwenye mambo ya kuhama hatanii. Kwa hiyo nanyi mjue tangu mwanzo: kila ubao nilioupiga randa humo ndani niliupiga nikijua kwamba kazi ikiwa mbaya, wazee wawili wanaopendana watatengana wakiwa na mvi.

Mashua ililetwa Nyamwaga kwa lori kwa sababu mbili. Vifaa vyangu viko hapa, na Masatu aliona mkewe ataizoea kwanza nchi kavu, aingie na kutoka kama anaingia stoo. Siku lori lilipopita na mlingoti umelazwa juu, watu waliacha kupalilia mahindi wakasogea barabarani. Jirani yangu, ambaye hajawahi kunyimwa neno na Mungu, alinisubiri getini, akaniita kijana kwa Kikurya chetu.

"Mura, umeona mafuriko kwenye ndoto?"

"Nimeona kazi."

"Basi ukiondoka tuachie ng'ombe. Humo hawaenei."

Niliyazoea. Mtu anayefanya kazi isiyofanana na mahali anapoishi lazima akubali kuwa burudani ya watu.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza. Ukipewa kazi ya kukarabati ndani ya chombo, siku ya kwanza usishike msumeno. Ingia, funga mlango, kaa. Nusa. Mbao mbovu ina harufu yake, kama uyoga uliosahaulika kwenye kapu. Halafu chukua bisibisi na uchome kila kona, hasa nyuma ya kabati na chini ya dirisha, maana rangi huficha mengi. Pale bisibisi inapogoma, mshukuru fundi aliyetangulia. Pale inapozama kama kwenye ugali, weka alama ya chaki. Nilipomaliza kuchoma, ukuta wa kushoto wa chumba kile ulikuwa na alama nyingi kuliko ubao wa darasani. Yule Mzungu, au fundi wake, alikuwa amebandika plaiwudi moja kwa moja kwenye mbavu za mashua bila kuacha nafasi ya hewa. Unyevu uliingia ukakosa pa kutokea. Nilibandua plaiwudi yote nikaanza upya.

Haya sikuyajua kwa akili zangu. Nilifundishwa na Mzee Okello, mjenzi wa mashua wa kule mwalo wa Kinesi, ng'ambo ya Musoma. Nilikwenda kwake nikiwa tayari seremala wa nyumba, najua kenchi za paa na milango, na najiona. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuweka rafu ya vyombo ndani ya mashua ndogo iliyokuwa imepandishwa mchangani. Nilitoa pima maji yangu, nikapima, nikapigilia, nikaiangalia ile rafu nikafurahi. Okello akachungulia, akaniita ndugu kwa Kijaluo chake.

"Omera, hii rafu iko sawa na nini?"

"Iko sawa, mzee. Tazama pima maji."

"Naona. Iko sawa na Kinesi. Kinesi haisafiri."

Nilikuwa sijaelewa bado. Akanivuta nje akanionyesha jinsi mashua ilivyoegemea upande mmoja mchangani. Rafu yangu ilikuwa imenyooka kwa dunia nzima isipokuwa kwa mashua. Ikirudi majini na kukaa wima, vikombe vyote vingekwenda kona moja kama watu wanaokimbilia mgawo. "Ndani ya mashua," alisema, "unapima kutoka kwenye mashua. Chukua kamba, funga mbele katikati, funga nyuma katikati. Hiyo ndiyo nchi yako. Huko kwenu Wakurya mkapime maboma." Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa ameshaondoka, na kwa sauti ya kucheka alikuwa anawasimulia wenzake.

Kwa Okello nilijifunza pia kwamba ndani ya mashua hakuna ukuta ulionyooka, kwa hiyo usipoteze mbao kwa kubahatisha. Kata boksi la karatasi ngumu, liweke karibu na ukuta uliopinda. Chukua kijiti kifupi, kishikilie pamoja na penseli, kijiti kiguse ukuta na penseli iguse boksi, kisha uvivute pamoja kutoka juu hadi chini. Ule mkunjo wa mashua utajichora wenyewe kwenye boksi. Kata boksi, lijaribu, lirekebishe, ndipo upeleke kwenye mbao. Mpaka leo nikiona mtu anapima kona iliyopinda kwa futi kamba mikono inaniwasha.

Nirudi Nyamwaga. Ukuta mpya niliujenga kwa vibao vyembamba, nikiacha mwanya kati yake na mbavu, upana wa kidole gumba. Milango ya makabati niliitoboa matundu juu na chini ili hewa ipite. Kona zote nilizizungushia msasa hadi ziwe duara, maana chombo kikiyumba ni mtu anayekwenda kugonga kona, kona haiji kwake. Skrubu nilitumia za shaba. Za kawaida zingeota kutu na kulia machozi mekundu kwenye mbao kabla ya masika kuisha. Mtungi wa gesi nilikataa kabisa kuuweka ndani. Gesi ikivuja haipandi juu, inashuka, inakwenda kulala chini ya sakafu ikisubiri kiberiti. Niliujengea kisanduku nje, nyuma, chenye tundu chini linalotazama ziwani.

Sakafu sikuigusa. Ilikuwa imefungwa kwa skrubu pande zote, ngumu, nzima, imetulia. Nilisema moyoni, angalau hii imetusalimisha.

Halafu kikaja kitanda.

Masatu alikuwa amewaza sana kuhusu kitanda. Siku moja alinijia karakanani amejaa furaha. "Shemeji, nimepata dawa. Kitanda cha mama mkwe kilikuwaje?"

Mnavijua vitanda hivyo, wale mliobahatika kulala kwa bibi: fremu ya miti, na katikati kamba za ngozi ya ng'ombe zilizosukwa zikiwa mbichi. Ngozi ikikauka inajivuta yenyewe, inakaza kuliko waya. Bhoke alilelewa juu ya kitanda cha namna hiyo na hadi leo husema hakuna godoro lililowahi kumpa usingizi ule. Masatu aliona kwamba mkewe akilala juu ya kitu cha kwao, atasahau kwamba chini kuna ziwa.

Nami nikaona ni wazo zuri. Mimi Mkurya, ngozi naijua kabla ya msumari. Tulifuata ngozi Gorong'a kwa mtu aliyekuwa amechinja kwa ajili ya harusi, tukaikata kamba ndefu, tukaisuka kwenye fremu ndani ya chumba cha mashua. Jua la Nyamwaga likaifanyia kazi. Baada ya siku chache ukiigonga ilitoa mlio kama ngoma. Bhoke aliletwa, akaketi, akapapasa, akasema, "Hiki ni cha nyumbani." Masatu alinikonyeza kwa nyuma. Nakumbuka nilitembea kwenda kwangu nikipiga mluzi.

Lori likarudi, mashua ikashushwa Kinesi, ikawekwa majini. Hapo ikasubiri siku kadhaa, maana tanga jipya lilikuwa halijaisha kushonwa. Mvua ikanyesha. Asubuhi ziwa likapumua ukungu wake. Mbwa wa mwaloni wakaanza kuizungukia mashua ile wakinusa hewa, na mmoja alikutwa ndani ya chumba akitafuna mguu wa kitanda kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa. Tulimfukuza tukacheka. Hatukujiuliza kwa nini ngozi ilikuwa imeanza kunuka upya.

Vijana, ngozi mbichi inayokazwa na jua, maji huilegeza. Kila mfugaji anajua hivyo. Anayepeleka ng'ombe joshoni anajua. Mimi nilijua. Lakini nilikijua kitu hicho nikiwa Nyamwaga, na kule Nyamwaga vitanda havilali ziwani.

Siku ya kujaribu ilipofika, Okello alikuja kututazama, mzee sana sasa, anatembelea fimbo. Bhoke aliingia chumbani amebana kitenge vizuri, akaketi kitandani. Tukasukuma, upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu ukatuchukua. Hatujafika mbali, wimbi dogo likapiga ubavuni, mashua ikainama. Nikasikia kishindo, kisha sauti ya mdogo wangu, tulivu kabisa.

"Mwita. Kitanda chako kimenizaa."

Nilichungulia. Kamba zote zilikuwa zimelegea kama tambi za jana, na Bhoke alikuwa ameketi sakafuni katikati ya fremu, miguu juu, ananuka ngozi. Masatu aligeuza mashua bila kuambiwa. Tulipofika mchangani Bhoke alishuka peke yake, akaita bodaboda, akaondoka bila kutuaga. Okello aliiangalia ile ngozi, akaniangalia mimi, akaketi kwenye gogo, akacheka hadi akaomba maji.

Masatu hakucheka. Alikaa muda mrefu akiifunga na kuifungua kamba ya tanga. "Siku yenyewe ilikuwa moja," alisema. "Na ndiyo hiyo imepita."

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nataka mlibebe. Mimi nilikuwa nimekwisha kupanga kutengeneza kitanda kingine, kizuri zaidi, nimbembeleze nacho. Lakini kuna kitu nilikiona pale mashua ilipoinama, na kilinisumbua njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, namwona hadi nilipogeuka kushika mlingoti. Kabla hajaanguka, mikono yake miwili ilinyooka hewani, mmoja kulia na mmoja kushoto, ikapapasa kuta zangu laini, zilizopigwa msasa vizuri, zilizopakwa vanishi. Haikupata kitu.

Nilimwacha akapoa. Kisha nikaenda kwake, nikamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, kaka," alisema bila kunitazama.

"Marahaba. Nimekuja kukuuliza kama fundi anayemuuliza mteja. Kitanda tuachane nacho. Kingine kilichokushinda ni nini?"

Akachambua kwanza. "Pa kushika," alisema. "Nyumba ikicheza unashika nguzo. Mle ndani hamna nguzo. Mmenijengea kikombe."

"Na kingine?"

"Chini. Nilipoanguka, kabla sijaketi, sikio langu lilikuwa karibu na mbao, nikasikia maji yanatembea chini yake. Baba Neema anasema ni ya nje, yanapiga tu. Yeye atajuaje? Ameona? Mtu anafungiwa juu ya kitu ambacho hakioni, anaambiwa alale?"

Alikuwa sahihi, na hakuwa amemaliza.

"Nipe mlango niangalie mwenyewe," alisema. "Nikiona pakavu, nitapanda tena. Si kwa ajili ya kitanda chenu."

Nilipomfikishia Masatu habari hiyo alinishika mkono akausahau mkononi mwake.

Ile sakafu niliyoisifu niliing'oa yote. Na nashukuru niliing'oa, maana chini yake, karibu na mguu wa mlingoti, palikuwa na mwanya kati ya mbao mbili, na maji yalikuwa yanaingia kidogo kidogo. Ya kuzamisha yalikuwa bado, lakini kwa safari ya siku nyingi, chini ya sakafu isiyofunguka, yangekuwa yameongezeka bila mtu kujua. Bhoke alikuwa ameyasikia. Tuliipandisha mashua mchangani, tukakausha, tukaziba mwanya kwa pamba iliyolowekwa kwenye mafuta na kugongelewa ndani taratibu kwa patasi butu, jinsi Okello anavyofanya, naye amesimama juu yangu akinisahihisha kwa fimbo.

Sakafu mpya niliikata vipande vinavyobebeka kwa mkono mmoja. Kila kipande nilikitoboa tundu la kuingiza kidole, na nilikifunga kwa kikomeo cha kuzungusha ili mashua ikiinama kisiruke. Shikeni hili popote mtakapofanya kazi, iwe chomboni au nyumbani: mahali ambapo maji yanaweza kufika, mkono nao lazima ufike.

Kwa pa kushika nilichukua mninga, nikauchonga mwembamba, duara, unaojaa kwenye kiganja, nikaupitisha chini ya paa la chumba kutoka mlangoni hadi kitandani, pande zote mbili. Kabla ya kuufunga nilimpigia Bhoke simu nikamwomba anyooshe mkono mbele ya mlango wake na kunieleza unafika wapi. Aliniambia umefika kwenye bawaba ya juu. Nikaenda nikapima mlango wake. Kimo cha mumewe sikukipima kabisa, na hadi leo Masatu akisimama humo anajigonga.

Kitanda kilikuwa rahisi kuliko vyote. Vibao vya kawaida vyenye nafasi katikati, hewa ipite chini ya godoro, na ubao wa kukinga pembeni ili alalaye asimwagike. Hakuna cha ng'ombe humo.

Siku ya pili ya kujaribu Bhoke aliweka sharti. "Fundi naye apande. Kitu kikidondoka, kimdondokee yeye kwanza."

Nilipanda. Masatu alishika usukani, mimi nikakaa mlangoni. Bhoke aliingia, mkono wake ukapanda juu wenyewe ukaukuta ule mti, ukaushika. Alipiga goti, akaingiza kidole kwenye tundu, akainua kipande cha sakafu. Chini palikuwa na maranda tu, makavu, niliyoyasahau wakati wa kufagia.

"Funga," aliniambia.

Tukaenda. Upepo ulikuwa mzuri na mashua ikalala kidogo upande wa kulia. Nikamsikia anafungua tena, anafunga. Baadaye tena. Kila alipofunga, Masatu alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kumwambia ni salama. Milima ya Musoma ikawa inasogea nyuma. Kisha ndani pakawa kimya.

"Shemeji," Masatu alinong'ona. "Amenyamaza."

"Nimesikia."

"Kaangalie."

"Ni mke wako."

"Nimeshika usukani, mura. Nikiuacha sote tutanyamaza. Kaangalie."

Nilichungulia kwa jicho moja. Bhoke alikuwa amelala ubavu, kitenge hadi kidevuni, mdomo wazi. Mkono wake ulikuwa umeuachia mti na umening'inia tu, ukiyumba na mashua.

Nilimwonyesha Masatu kwa kuweka kiganja shavuni. Naye, mtu mzima aliyeendesha malori kwenye mashimo ya kutisha, akaanza kufuta macho kwa mabega kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Hatukuthubutu hata kukohoa. Upepo wa mchana ulipogeuka na kuanza kutoka ziwani, tuligeuza tanga taratibu kama watu wanaoiba, tukarudi Kinesi.

Mchanga ulipokwaruza chini ya mashua, mlango ulifunguka. Bhoke alitoa kichwa, nywele upande, alama ya mto shavuni, akatazama mwalo.

"Hapa ndiyo Ukerewe?"

"Hapana, Mama Neema," alisema Masatu. "Ni Kinesi. Tumerudi."

Bhoke alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Nani amewaambia mrudi?"

Masatu alikuwa ameshashuka kuvuta kamba. Aliketi pale pale alipokuwa, na ziwa likamfika kifuani, na hakuinuka.